Kuua Kadi

Usitoboe kadi. Naanza na hilo kwa sababu najua mtatoboa. Mtu akipewa kadi ya mlango leo, kesho ashatafuta msumari apitishe kamba aivae shingoni, halafu Jumatatu asubuhi anasimama mlangoni akinipigia kelele ati sistimu iko chini. Sistimu haiko chini. Ndani ya hiyo plastiki kuna waya mwembamba umezungushwa ukingoni, na wewe umeukata na msumari wako. Rida, kile kisanduku cheusi cha ukutani, kinaongea na huo waya. Hakiongei na picha yako, hata kama ulikuwa umechana nywele.

Mimi naitwa Rael. Hapa Kimumu mnaniita Mama Chebet, mnaniona nikimwagilia sukuma wiki nyuma ya nyumba, mnafikiri nimemwagilia sukuma maisha yangu yote. Nilikuwa fundi wa milango ya kadi katika kiwanda kimoja cha unga hapa Eldoret, tangu siku milango hiyo ilipofika mpaka nilipostaafu. Mwalimu wenu wa chuo cha ufundi amenisumbua wee niwaambie kitu nyinyi mnaosomea kufunga milango na kamera. Alisema niwape moyo. Moyo wa kugawa sina. Nitawapa kile ninacho, na mkichoka mtaenda kunywa chai.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Mzee mmoja wa stoo alipiga pasi suruali kadi ikiwa mfukoni, akaniletea kitu kimejikunja kama chapati, akauliza kama naweza kukinyoosha. Mama Nafula, mpishi wa kantini, mikono yake haikukosa sufuria, kwa hivyo kadi alikaa nayo ndani ya sidiria. Akifika mlangoni anainua kifua, anakisukuma kwenye rida, tii! taa ya kijani, anapita bila kuweka chochote chini. Wanaume wa stoo walianza kuchelewa kazini makusudi ili wamwone akipita. Nikamwambia, "Mama Nafula, hiyo rida utaibomoa." Akanijibu, "Si ni wewe uliiweka juu? Ungeiweka chini ningetumia goti." Tangu siku hiyo, kila rida niliyofunga niliiweka mahali mtu aliyebeba mzigo anaweza kuifikia kwa kiwiko. Andikeni hiyo. Hamtaisoma kwenye karatasi inayokuja na boksi.

Aliyenifundisha kazi ni Joseph Githinji. Nilipomkuta nilikuwa nimetoka kufunga waya za nyumba huko Plateau, nyumba za balbu mbili na swichi moja, na mlango unaofunguka kwa kadi sikuwa nimewahi kuuona hata kwa picha. Alikuwa mtu mfupi, hasira yake iko karibu, na kicheko chake kiko karibu zaidi. Mkikuyu, lakini alizaliwa upande wa Turbo, akasomea huko, akajenga huko, na Kinandi alikiongea vizuri kuliko mimi ambaye ni Mkeiyo wa kuzaliwa, na lugha zetu ni ndugu. Nikikosea neno alinirekebisha mbele ya watu, na watu wakafa kwa kicheko. "Huyu mmemtoa wapi?" alikuwa akiwauliza. "Mrudisheni kwao akajifunze lugha."

Kila mlango aliuliza swali moja kabla hajatoa bisibisi mfukoni: stima ikipotea, huyu anafanya nini? Kwa sababu kuna mlango unaoshikwa na sumaku, na sumaku hiyo inakula stima, kwa hivyo stima ikipotea mlango unaachilia. Na kuna mlango unaoshikwa na kipande cha chuma, stima ndiyo inakivuta kando, kwa hivyo ikipotea mlango unabaki umefungwa. "Mlango wa watu ufunguke, mlango wa mali ufungwe," alisema. "Ukichanganya hivyo viwili utaua mtu, na utamwua ukiwa kwako unakula ugali." Geti kubwa la wafanyakazi likawa la sumaku. Maabara ya unga, mahali palipokuwa na mizani na madawa ya bei, ikawa ya chuma. Ndani ya maabara kulikuwa na kitufe cha kutokea, na Githinji alikipigia kelele tangu siku ya kwanza kwa sababu nacho kilitegemea stima. Alitaka kitasa cha kawaida upande wa ndani. Tuliambiwa kinaletwa.

Neno "kuua" pia lilikuwa lake. Kompyuta ilikuwa na maneno marefu ya Kizungu ya kumwondoa mtu aliyeacha kazi, na Githinji hakuyapenda. "Kadi iko hai ama imekufa, hakuna katikati. Sema kuua." Basi ofisini kwetu ungesikia, "Rael, umeua yule dereva?" "Bado, namwua saa hii nikimaliza chai." Mgeni akiketi pale alikuwa akitukodolea macho. Siku moja niliambiwa niue kadi ya tanboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, aliyekuwa ameacha kazi, kijana anaitwa Kiplagat, nikaua ya meneja kwa sababu naye alikuwa Kiplagat. Alikwama katikati ya milango miwili ya kuingilia mashineni, mbele haingii na nyuma hatoki, anagonga kioo, na wasagaji ndani wanampungia mkono wakidhani anawasalimia. Githinji ndiye alimfungulia. Aliporudi nilikuwa nimeanza kukusanya vitu vyangu nikijua nimefutwa.

Hakunigombeza. Aliniwekea mkononi kadi ya yule tanboi, ambayo bado ilikuwa hai, akasema, "Ukishaua kadi, nenda nayo mlangoni uijaribu. Ukiona taa nyekundu, ndio umemaliza. Usiamini kompyuta, amini mlango." Nikaiua, nikaenda, nikajaribu, nikaona nyekundu. Akasema, "Kazi safi." Hayo maneno mawili alikuwa bahili nayo. Kwa mwaka mzima ungeweza kuyasikia mara chache tu, na siku uliyoyasikia ulienda nyumbani ukiimba.

Na jina kubwa kwenye kadi, hilo pia ni yeye. Kadi za kwanza zilikuja na picha na namba, jina kwa chini, dogo kama mchwa. Akabadilisha. Alitaka soja wa geti asome jina lako ukiwa bado mbali, akuite, akusalimie. "Mtu aitwe jina lake," alisema. Yake mwenyewe ilikuwa ya kwanza kutoka kwenye printa. JOSEPH GITHINJI, herufi nyeusi, nene. Aliionyesha kila mtu, hata Mama Nafula akamwambia, "Sasa umekuwa kibao cha duka."

Halafu ukaja uchaguzi ule wa 2007.

Wengi wenu mlikuwa mgongoni mwa mama zenu, na wengine hata hamkuwa mmezaliwa. Sitawaeleza yote. Wanaotaka kujua washasikia, na wasiotaka hawatasikia kwangu. Nitasema tu kwamba moshi ulikuwa kila upande ukigeuka, na watu tuliokuwa tukinunua kwao maziwa walikuwa na mishale. Mimi niliishi ndani ya kiwanda, kwenye zile nyumba za wafanyakazi nyuma ya stoo. Githinji alifika kwa miguu, ametoka Turbo kupitia mashamba ya mahindi, shati halina kifungo hata kimoja. Kwa bahati bibi yake na watoto walikuwa wameenda Krismasi kwa wazazi wa bibi, mbali na huku. Nyumba ilikuwa imechomwa na kitambulisho kikiwa ndani. Alichobaki nacho ni kadi ya mlango, kwa sababu ilikuwa mfukoni.

Sikumwambia ajifiche wapi. Fundi ni fundi. Alitazama milango yetu yote mmoja mmoja akiwa amesimama pale uani, kisha akaenda maabara, akagusisha kadi, akaingia. Kabla mlango haujafunga alisema, "Stima itapotea tu. Hapa ndipo patabaki pamefungwa." Nikampa mkebe wa maji na mkate nusu.

Stima ilipotea kesho yake. Betri za akiba zikashika kwa muda, halafu nazo zikaisha. Masoja walikuwa wameenda, kila mmoja na kwao. Mchana, nikiwa nimesimama karibu na maabara, nikasikia geti kubwa likifanya ile sauti ya sumaku ikiachilia, tak, sauti ndogo tu. Lilifanya vile tulivyolifundisha. Lilikuwa mlango wa watu, na watu wakaingia.

Walikuwa vijana. Nawaambia nyinyi kwa sababu walikuwa rika lenu, na wengine nilijua mama zao. Mmoja alikuwa amevaa sweta ya shule. Walisukuma kila mlango, walipofika maabara wakasukuma ukakataa. Wakaniuliza, "Mama, nani ako humu?"

Nikasema, "Tumefukiza humo. Dawa ya mahindi. Fungueni kama mmechoka kuishi."

Mtoto wa mkulima wa Uasin Gishu haelezwi mara mbili kuhusu dawa ya kufukiza mahindi. Kila mtu ana jirani aliyelala karibu na gunia lenye ile dawa na hakuamka. Walirudi nyuma wakifunika pua. Yule wa sweta ya shule akaniambia, "Mama, usisimame karibu hivyo, itakudhuru." Alisema kwa upole, kama mtoto mzuri. Hiyo ndiyo sentensi imekaa ndani yangu kuliko zote nilizosikia wakati ule, na mpaka leo sijui niiweke wapi.

Wakaenda. Sasa shida ikawa kumtoa. Ufunguo wa chuma wa ule mlango ulikuwa na meneja, na meneja hakuwa Eldoret. Kitufe cha ndani bila stima ni pambo tu. Nilimwongelesha kupitia chini ya mlango, sauti yake ikiwa imekauka, maji yameisha. Aliniambia kitu kimoja: "Tafuta betri." Basi nikaketi pale chini nikalia, kwa sababu betri ningetoa wapi?

Aliyetuokoa ni unga. Meneja alikuwa amepiga simu kwamba lori moja lipeleke unga kituo cha polisi, ambako watu waliotoroka walikuwa wamejazana uwanjani. Dereva aliyekuja kuubeba alikuwa binamu yangu, Kimutai. Nilimvuta kando nikamwambia. Akaenda akafungua boneti.

Tulibeba betri hadi maabara, nikatoa rida ukutani, nikaunga waya. Kadi yangu. Tii! Kijani. Mlango ukafunguka na Githinji akawa amesimama pale ameshika ukuta, midomo imepasuka. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Umetumia betri moja ama mbili? Lori lina mbili. Ukiunga zote utachoma rida." Kimutai akacheka kwa nguvu, akajiziba mdomo na mkono. Nilimjibu, "Moja, Fundi." Akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Sasa njiani kulikuwa na vizuizi, mawe na miti, na kila kizuizi waliuliza karatasi. Githinji hakuwa na karatasi yoyote isipokuwa ile kadi. Picha yake, ya kweli, na jina lake kwa herufi nene za kusomwa kutoka mbali. Tuliitazama sote watatu. Kimutai akasema, "Joseph haina shida. Ni hiyo ingine."

Nilichukua wembe jikoni. Rangi ya kadi haikai ndani, imekaa juu ya plastiki, na ukikwangua pole pole kwa upande inatoka kama unga. Nilikwangua GITHINJI herufi moja baada ya ingine, na yeye amekaa juu ya ndoo akinitazama. Mara moja tu aliongea. Alisema, "Usiguse ukingo, kuna waya." Hata pale alikuwa akinifundisha. Nilipofika mwisho nilipuliza, pakabaki mahali peupe penye mikwaruzo. Kimutai akampa jina: Joseph Kiptoo, tanboi wake. Kiptoo kwetu ni jina la mtoto aliyezaliwa wakati wageni wamefika nyumbani. Kimutai hakuwa na nia mbaya, ni jina la kwanza lililomjia.

Akiwa amekanyaga gurudumu apande, alinigeukia. "Rael, hii kadi usiiue. Nitarudi."

"Siiui, Fundi."

Kimutai alinisimulia baadaye. Kwenye kizuizi, Githinji aliwaamkua vijana kwa Kinandi, akawatania, akamwuliza mmoja wao ni wa nyumba ya nani, akamwambia namjua babu yako, na kweli alimjua. Wakampiga kofi begani wakamwita mzee wetu. Wakafungua njia. Kimutai alisema walipopita, Githinji alitapika nje ya dirisha, na tumboni hakukuwa na kitu.

Kazi iliporudi, meneja aliniita. Alisema wale ambao hawajaripoti, niue kadi zao. "Ua zote, Rael, ni usalama tu." Nilirudi nikaketi mbele ya kompyuta. Ukiua kadi, ile mashine inakuletea uso wa mtu kwanza, halafu inauliza kama una uhakika. Nikaua wasagaji. Nikaua karani aliyekuwa akinikopesha mwavuli. Nikaua mama wa kufagia ambaye nilikuwa nimemshikia mtoto siku ya ubatizo. Neno tulilokuwa tukicheka nalo ofisini, sikuwahi kulicheka tena. Nilipofika kwa Githinji, nikaacha. Mtu akiniuliza ningesema ni kosa la mashine. Hakuna aliyeuliza.

Meneja pia alisema majina yatoke kwenye kadi. Picha na namba, basi. Mimi nikafurahi, nikaamini tumejifunza kitu. Nilichapisha kadi mpya za kiwanda kizima bila jina hata moja. Halafu nikaenda kantini, nikakuta meza za lugha hii ziko huku na za lugha ile ziko kule, na Mama Nafula amesimama katikati na upawa hajui aanzie wapi. Rida ilisoma namba, watu wakaendelea kusomana wenyewe. Mnisikie vizuri, maana mtauza milango na mtawaambia wateja inaleta usalama. Mlango unajua kadi. Haumjui mtu, na haujui anayekuja nyuma yake anamwazia nini.

Githinji aliishia upande wa Nyandarua, kwenye kipande cha shamba la shemeji, akawa anatengeneza redio na simu. Alikuwa akinipigia. Hakuanza na habari ya nyumbani. Alianza na, "Kadi yangu iko hai?" Nami najibu, "Iko hai, Fundi." Hapo ndipo tunasalimiana. Kila simu hivyo. Alikuwa anarudi Pasaka. Alikuwa anarudi watoto wakifunga shule. Uchaguzi ukikaribia, alikuwa anarudi ukipita, na ukipita salama, alikuwa anangoja kidogo tu aone.

Kumweka hai haikuwa rahisi. Rida za kwanza zilibadilishwa, zikaja za aina ingine ambazo hazikuelewa kadi za zamani. Halafu zikaja za kidole, na kiwanda cha unga na kidole haviendani, unga unajaza mistari ya kidole mpaka mashine inadhani huna mikono. Halafu ikawa simu, sasa mnaniambia ni uso. Kila wakati mafundi wapya walikuja wanataka kung'oa kila kitu, na kila wakati nilibakisha rida moja ya zamani, ile ya mlango wa maabara, na kompyuta yake kuukuu chini ya meza yangu. Niliwadanganya kwamba madawa ya mle ndani yanasumbua mashine mpya. Kijana mmoja msomi, wa kuniita Mathe kama mama yake, aliniuliza, "Lakini Mathe, hii rida inatumiwa na nani?" Nikamwambia inatumiwa.

Mwaka niliostaafu, waliamua jengo la maabara libomolewe, waweke mashine za kufunga pakiti. Hakuna uongo ungesaidia hapo. Nilimpigia Githinji nikamwambia ukweli: kama unakuja, njoo sasa. Akasema, "Nakuja kuangalia kwanza nyumbani, nione. Kisha nitapitia kwako."

Nilinunua nyama. Nilimwambia Mama Nafula, ambaye alikuwa ashazeeka lakini bado anainua kifua kwenye rida kwa mazoea tu, apike vizuri. Sijui nilifikiria nini. Nilifikiria nikimwonyesha kwamba mlango bado unafunguka, atakaa.

Mchana wake soja wa geti alinipigia simu. "Mathe, kuna mgeni wako hapa. Anasema anaitwa Kiptoo."

"Simjui Kiptoo," nikasema. "Mwulize ametoka wapi."

Nikasikia soja akiuliza, na nikasikia sauti ikimjibu kwa Kinandi, Kinandi kizuri, cha kunirekebisha. Niliacha simu ikining'inia nikatoka.

Alikuwa amepungua, nywele nyeupe, koti kubwa. Nilingoja tupite geti. Kisha nikamwuliza, "Fundi, Kiptoo ni nani?"

"Hata sijui, Rael. Huyo kijana ameniuliza jina kwa heshima kabisa. Ameniita mzee. Nimefungua mdomo niseme Githinji, na mdomo umesema Kiptoo." Aliangalia mikono yake. "Hakuna mtu amenitisha. Umesema wenyewe tu."

Nikamwuliza nyumbani alipata nini. Alisema uzio wa miti aliyopanda bado uko, umekuwa mkubwa, na ndani kuna nyumba nyingine ya mabati mazuri. Jirani yake wa zamani alimwona barabarani, akamkumbatia, akamwingiza kwake, akamchinjia kuku. Walikula, wakakumbushana mambo. Jirani akalia, hakuwa anaigiza, alilia kabisa. Walipomaliza chai akamwuliza, "Sasa Joseph, unarudi lini?"

"Nikafurahi, Rael. Nikamwambia, hata mwezi ujao, nikipata pa kuanzia. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, hapana, nauliza unarudi lini Nyandarua, nikutafutie gari."

Tulienda maabara. Alitoa kadi kwenye mfuko wa ndani wa koti, imefungwa kwa kitambaa. Picha ilikuwa imefifia. JOSEPH ilikuwapo, na mbele yake ile nafasi nyeupe yenye mikwaruzo yangu. Aliigusisha. Tii! Kijani. Mlango ukavuta chuma chake, ukafunguka, baada ya miaka yote hiyo, sawa kabisa. Nilimwangalia usoni kama mwanafunzi.

Hakuingia. Alisimama pale kizingitini mpaka mlango ukaanza kulia ile sauti ya kusema umeachwa wazi. Akausukuma ukafunga.

"Umeitunza," akasema. "Nilikuwa nikikuuliza kwa simu kama iko hai, nikijibiwa iko hai, nilikuwa nalala. Lakini si mlango ulionifukuza, Rael. Mlango ndio pekee haukunifukuza." Akanipa kadi. "Iue."

"Fundi, wacha. Wacha wavunje tu jengo, itakufa yenyewe."

"Kadi haifi yenyewe. Nilikufundisha nini?"

Tukaenda ofisini kwangu, nikainama chini ya meza nikawasha ile kompyuta kuukuu. Ilichukua muda wake. Ikaleta uso wake, kijana, shati limefungwa hadi shingoni, na chini yake jina lote, kwa sababu kwenye kompyuta sikuwa nimekwangua. JOSEPH GITHINJI. Alilisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayeita mwingine aliye mbali. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikamtazama. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nikabonyeza.

Nilitaka kubaki nimeketi hapo. Lakini alikuwa ashasimama mlangoni ananingoja, kwa hivyo nikachukua kadi nikaenda, nikaigusisha mbele yake, mlango wa maabara, rida niliyoitunza. Taa nyekundu. Nikarudia tena, nyekundu.

"Kazi safi," akasema.

Nyama ya Mama Nafula hakula, alisema gari litamwacha. Nilimsindikiza mpaka getini. Soja, kijana mwenye adabu tu, alisimama akamfungulia, akasema, "Safari njema, Mzee Kiptoo."

Naye akaitika.